Baridi Mwilini na Njia za Maji za Seli



Mtu anayeishi Makete, Lushoto au Limuru hahitaji kufundishwa kwamba msimu wa baridi humpeleka chooni mara nyingi. Waongoza watalii wa Kilimanjaro nao wanalijua hilo. Mgeni anayelala kwenye hema kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, hutoka nje usiku mara kwa mara hata kama mchana alikunywa maji kidogo. Jibu la haraka ni kwamba hakutoka jasho, basi maji yametafuta njia nyingine. Wengine wataongeza kwamba mwinuko wenyewe huchochea mkojo, na ni kweli. Lakini majibu hayo hayatoshi. Mtu ambaye joto la mwili wake limeshuka chini ya nyuzi 35 huendelea kutoa mkojo mwepesi, mweupe, hata pale mwili umekwisha kupungukiwa maji, yaani katika saa ambayo figo zenye afya zingebana kila tone. Figo za mtu huyo zimepoteza uwezo wa kuyarudisha maji kwenye damu. Kujua zimeupotezaje kunatulazimu tushuke hadi kwenye utando wa seli, mahali ambapo maji hupita kwenye matundu membamba ya protini yaitwayo akuaporini.

Ninachotaka kuwaonesha leo ni hiki: baridi haiyafungi sana matundu hayo. Inachofanya ni kuyaondoa mahali pake, au kuyaacha wazi huku pampu zinazoongoza maji zikiwa zimelegea. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma darasani, lakini wodini inabadilisha namna ya kumhudumia mgonjwa aliyepoa, na hasa mtoto mchanga.

Tuanze na utando. Kila seli imezungukwa na tabaka mbili za mafuta, na maji hayapendi kupita kwenye mafuta. Hupenya, ndiyo, lakini kwa taabu, na kila molekuli inahitaji nishati ya kutosha ili ijipenyeze. Wanafiziolojia wa katikati ya karne iliyopita walishangazwa na jambo moja: chembe nyekundu za damu hupitisha maji haraka mno kuliko utando wa mafuta peke yake unavyoweza. Katika miaka ya 1950, Arthur K. Solomon wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipendekeza kwamba lazima kuna matundu. Ushahidi uliowapa wengi imani ulitokana na joto lenyewe. Ukipoza utando wa mafuta matupu, maji yanayopita hupungua kwa kasi kubwa. Ukipoza chembe nyekundu, maji hupungua kidogo tu, karibu kwa kiwango kile kile ambacho maji yenyewe huongezeka unato yanapopoa. Maana yake ni kwamba humo ndani maji hayajipenyezi kwenye mafuta. Yanatiririka kwenye njia yao. Mwaka 1970 Robert Macey na mwenzake walionesha pia kwamba zebaki huziba njia hiyo, dalili kwamba imejengwa kwa protini.

Napenda kusisitiza hili kwa wanafunzi: baridi ndiyo iliyotudokezea kuwapo kwa matundu haya, miaka mingi kabla mtu yeyote hajayashika mkononi. Gheorghe Benga na wenzake nchini Romania waliikaribia protini yenyewe mwaka 1986. Peter Agre wa Johns Hopkins, Marekani, alikuwa akichunguza makundi ya damu ya Rh alipokutana na protini ndogo asiyoifahamu iliyojaa kwenye chembe nyekundu na kwenye figo. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliyafanya mayai ya chura yaitengeneze protini hiyo, kisha wakayatumbukiza kwenye maji mepesi. Mayai ya kawaida yalitulia. Yale yenye protini yalivimba na kupasuka. Mwaka 2003 Agre alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, akiigawana na Roderick MacKinnon aliyefumbua umbo la njia za chumvi.

Leo tunajua wanyama wanyonyeshao wana aina 13 za akuaporini, zinazohesabiwa kuanzia AQP0 hadi AQP12. Kila tundu hupanuka pande zote mbili na kubana katikati, na pale katikati molekuli za maji hupita moja moja, kama abiria wa mwendokasi kwenye geti la kituo, ila kwa kasi ya takriban bilioni tatu kwa sekunde. Mbali na maji, aina nyingi haziruhusu kitu. Baadhi hupitisha gliseroli pia. Hakuna akuaporini inayosukuma. Hilo mlishike, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanalitegemea. Tundu hupitisha maji kuelekea upande wenye chumvi au vitu vingine vilivyoyeyuka kwa wingi, na linaloamua upande huo ni pampu, hasa pampu ya sodiamu na potasiamu aliyoigundua Jens Skou wa Denmaki mwaka 1957. Pampu hiyo hutoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili, na kila mzunguko hula nishati.

Sasa tuteremshe joto, tupige hesabu. Nishati ya kuvuka tundu la akuaporini ni takriban kilokalori 5 kwa moli. Kuvuka mafuta huzidi 10, na hapa tuchukue 12. Mwili ukishuka kutoka nyuzi 37 hadi 32, maji yanayopita kwenye tundu yatapungua kwa asilimia 12 au 13 hivi, na yanayopita kwenye mafuta yatapungua kwa zaidi ya robo. Shuka hadi 27: tundu limepoteza takriban robo ya kasi yake, mafuta karibu nusu. Na pampu? Vimeng'enya vya aina hiyo hupoteza nusu ya kazi yao, wakati mwingine theluthi mbili, kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Kwa hiyo katika mwili uliopoa tundu la maji ndilo linaloathirika kidogo kuliko vyote. Njia iko wazi karibu kama kawaida, na mwongozaji wa maji amechoka.

Ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hili hautoki kwa mgonjwa, unatoka kwenye figo iliyotolewa kwa ajili ya kupandikizwa. Figo huhifadhiwa katika nyuzi 4 hivi ili isile nishati yake yote kabla ya kufika kwa mpokeaji. Kwenye joto hilo pampu ni kama zimelala. Madaktari wa mwanzo waliotumia maji ya kawaida yenye chumvi waliona seli zikivimba: sodiamu iliingia, hakuna wa kuitoa, na maji yakaifuata kupitia matundu yaliyobaki wazi. Folkert Belzer na James Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitatua tatizo hilo katika miaka ya 1980. Walitengeneza maji ya kuhifadhia yenye laktobionati na rafinosi, molekuli kubwa zisizoingia kwenye seli, ambazo huyashikilia maji upande wa nje. Hawakuweza kuziamsha pampu wala kuyaziba matundu; walichoweza ni kubadilisha kile kinachoyavuta maji. Nchi zetu zinapanua upandikizaji, na hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2017. Ningetamani kila muuguzi wa chumba cha upasuaji ajue kwa nini chupa ile ya maji ya baridi haiwezi kubadilishwa na dripu yoyote iliyo karibu.

Turudi kwenye figo iliyo ndani ya mtu. Figo za mtu mzima huchuja lita 180 hivi kwa siku, na mtu hukojoa lita moja au mbili tu. Sehemu kubwa ya maji hayo, karibu theluthi mbili, hurudi mapema kwenye mrija wa mwanzo kupitia AQP1, ambayo haingoji amri ya mtu. Iko pale saa zote. Mambo hubadilika mwishoni, kwenye mirija ya kukusanyia mkojo. Hapo ipo AQP2, na hii hufuata amri. Wakati mwili una maji ya kutosha, AQP2 hukaa ndani ya seli, imefungashwa kwenye vifuko vidogo. Maji yakipungua, ubongo humwaga homoni ya vasopresini. Homoni hugonga kipokezi chake, seli hutengeneza ujumbe wa ndani, AQP2 hutiwa alama ya fosfeti, vifuko husafiri hadi ukingoni na kuungana na utando unaotazama mkojo. Ghafla ukingo uliokuwa haupitishi maji unayapitisha, nayo hurudi kwenye damu. Homoni ikiondoka, utando hukunjwa tena ndani na AQP2 hurudi stoo.

Angalieni ni hatua ngapi hapo zinahitaji joto. Kipokezi, ujumbe, fosfeti, safari ya vifuko, kuungana kwa utando. Safari ya vifuko hutegemea nyuzinyuzi za ndani ya seli, na baridi kali huzibomoa nyuzinyuzi hizo. Mwaka 2000 watafiti wa maabara ya Dennis Brown, Boston, walizipoza seli zenye AQP2 hadi nyuzi 20, wakaona protini ikikwama katikati ya seli, karibu na kiini, badala ya kuzunguka kati ya ukingo na stoo. Ni nadra sana binadamu kufika nyuzi 20, lakini jaribio lile linaonesha mahali penye udhaifu: udhaifu uko katika usafirishaji, kwa kuwa tundu lenyewe lingepitisha maji vizuri tu kama lingefika ukingoni.

Kabla hata joto la ndani halijashuka, baridi ya ngozi imekwisha kuidanganya figo. Mishipa ya mikono na miguu hujibana ili joto lisipotee, damu hukusanyika kifuani, na vipimo vilivyo kwenye moyo na mishipa mikubwa husoma kwamba damu imezidi. Vasopresini hupunguzwa. AQP2 hurudishwa ndani. Mkojo unatoka. Mwili unaposhuka chini ya nyuzi 35 na kuendelea, kosa la pili huongezwa juu ya la kwanza: hata homoni iliyobaki haipati jibu linalostahili kutoka kwenye mirija. Na la tatu ni kwamba chumvi nyingi iliyorundikwa katikati ya figo, ambayo ndiyo inayoyavuta maji kutoka kwenye mirija, hurundikwa na pampu, na pampu zimelegea. Uchujaji nao hupungua kadiri baridi inavyozidi; katika nyuzi 27 hadi 30 damu inayopita kwenye figo inaweza kuwa nusu tu ya kawaida, na bado mkojo unaotoka ni mwepesi.

Mtu huyu akifikishwa hospitali huweza kuonekana ana maji ya kutosha, kwa sababu mishipa yake imejibana na shinikizo la damu linasomeka. Mpashe joto upesi mwili mzima bila kumpa maji: mishipa inafunguka, damu inatawanyika, na pengo lililofichwa na baridi linajitokeza. Shinikizo huporomoka. Wapo waliookolewa mlimani wakiwa wanazungumza, wakafa walipokuwa wakipashwa joto, na upungufu huu wa maji ni mojawapo ya sababu. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo hupewa dripu iliyopashwa moto, huku moyo ukiangaliwa kila wakati, naye hashikwi kwa pupa. Hilo liwahusu pia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao kwa miaka mingi wamepanda na nguo hafifu kuliko za wageni wanaowabebea mizigo. Mpagazi anayetetemeka halafu akaacha kutetemeka hajapona. Amezidi kupoa. Na mkojo mwingi mweupe alioutoa usiku si dalili kwamba amekunywa vya kutosha.

Je, mwili wowote umewahi kujifunza kuishi na hali hii? Umewahi, na mfano wake unapatikana Amerika Kaskazini, kwa chura wa miti wa kijivu ambaye hustahimili sehemu ya maji ya mwili wake kuganda kuwa barafu. Kabla ya majira ya baridi hutengeneza gliseroli kwa wingi, na gliseroli hiyo lazima iingie na kutoka kwenye seli haraka ili zisipasuke. Watafiti wamekuta chembe zake nyekundu, anapozoeshwa baridi, zikiwa na akuaporini nyingi zaidi ya aina ipitishayo maji na gliseroli pamoja. Chura huyo huongeza matundu yake kabla baridi haijafika. Sisi hatuna maandalizi hayo.

Sasa niingie kwenye ubongo, ambako suala ni gumu zaidi na, kwa maoni yangu, ndiko tulikokosea kwa kupenda majibu mepesi.

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Ukivimba hauna pa kwenda, na uvimbe wenyewe huua. Akuaporini kuu ya ubongo ni AQP4, na haiko kwenye niuroni. Imejaa kwenye seli za kuhudumia ziitwazo astrosaiti, hasa kwenye miguu yao inayokumbatia mishipa ya damu. Mwaka 2000 Geoffrey Manley na wenzake walionesha kwamba panya waliozaliwa bila AQP4 hupata uvimbe mdogo wa ubongo baada ya kiharusi au baada ya kujazwa maji. Watu wakaona jibu limepatikana: punguza AQP4, punguza uvimbe. Miaka minne baadaye kundi hilo hilo la utafiti, likiongozwa na Marios Papadopoulos, lilionesha upande wa pili. Uvimbe ukisababishwa na maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa iliyoharibika, panya wasio na AQP4 huumia zaidi, kwa sababu maji hayo hutoka ubongoni kupitia tundu lile lile. Tundu linaloleta maji asubuhi ndilo linaloyaondoa jioni. Kuliita adui au rafiki bila kutaja aina ya uvimbe na saa ya ugonjwa ni kupotosha.

Na baridi inaifanya nini AQP4? Majaribio kwa panya waliojeruhiwa ubongo kisha wakapoozwa yameripoti mara kadhaa kwamba AQP4 hupungua pamoja na uvimbe. Lakini mwaka 2017 Mootaz Salman, Philip Kitchen na wenzao, wakifanya kazi Uingereza, walipoza astrosaiti za binadamu kwenye sahani za maabara, wakaona kinyume chake: AQP4 iliyo juu ya utando iliongezeka. Walifuata mnyororo wa ujumbe wakakuta njia ya kalsiamu iitwayo TRPV4 inafunguka, kalsiamu inaingia, protini ya kalmodulini inajibu, na AQP4 inasogezwa kutoka ndani kwenda ukingoni. Mwaka 2020 kundi hilo lilionesha kwamba kuzuia safari hiyo kwa dawa ya zamani ya akili, trifluoperazini, kulipunguza uvimbe kwa panya walioumia uti wa mgongo.

Matokeo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Moja linapima tishu iliyokaa siku kadhaa baada ya jeraha, ikiwa na damu, kinga, na seli zinazokufa. Jingine linapima seli safi muda mfupi baada ya kupoozwa. Kiasi cha protini ndani ya tishu ni jambo moja, na mahali ilipo protini ndani ya seli ni jambo jingine. Mtafiti anayesaga kipande cha ubongo na kupima AQP4 yote kwa pamoja hawezi kukuambia ni ngapi ziko ukingoni zikipitisha maji na ngapi ziko stoo. Figo ilikwisha kutufundisha hilo kwa AQP2.

Kutokana na haya, nina mashaka na kila sentensi inayosema kwamba kupoza mgonjwa hulinda ubongo kwa sababu hupunguza akuaporini. Upoozaji hupunguza njaa ya ubongo ya oksijeni, hupunguza sumu za niuroni zinazokufa, hupunguza uvimbe katika hali kadhaa. Mchango wa njia za maji umo humo, lakini hauwezi kubeba hoja peke yake. Hospitali zenye vifaa vyote nazo zimepata somo. Mwaka 2002 majaribio mawili yalionesha faida ya kuwapoza watu wazima waliofufuliwa baada ya moyo kusimama. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2021 halikuiona faida hiyo dhidi ya kuzuia homa tu. Kwa majeruhi wa kichwa, jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2015 lilipoza wagonjwa ili kushusha shinikizo ndani ya fuvu, na waliopoozwa wakaishia na hali mbaya zaidi kuliko wenzao.

Kundi moja ambalo faida imethibitika vizuri ni watoto wachanga waliozaliwa wamechoka, waliokosa hewa wakati wa uchungu. Katika hospitali za nchi tajiri, kuwashusha hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa sita za kwanza, hupunguza vifo na ulemavu. Lakini watoto hao wanalazwa kwenye mashine za kupumulia, damu yao inapimwa, maji wanayopewa na mkojo wanaoutoa vinahesabiwa saa kwa saa. Huku kwetu jambo hili lilijaribiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na matokeo yakatolewa mwaka 2008: watoto 36, wengine wakipoozwa kwa chupa za maji. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopoozwa. Lilikuwa jaribio dogo la mwanzo, na mtu angeweza kusema ni bahati mbaya. Mwaka 2021 likaja jaribio la HELIX la India, Sri Lanka na Bangladesh, watoto 408, kwa vifaa vizuri vya kupoza. Asilimia 42 ya waliopoozwa walifariki, dhidi ya asilimia 31 ya wasiopoozwa. Hakuna tena nafasi ya kusema ni bahati mbaya.

Sidai kwamba akuaporini ndizo zilizowaua watoto hao. Ninachosema ni kwamba mtoto mchanga anaingia kwenye baridi akiwa na udhaifu wote niliouelezea, tena mara mbili. Figo zake bado hazijakomaa kujibu vasopresini, na mkojo wake hata kwenye joto zuri haukolei kama wa mtu mzima. Ngozi yake ni kubwa kulinganisha na uzito wake, hivyo joto hutoka upesi. Pampu zake zinahitaji sukari, na sukari yake ni chache. Mpoze kwa barafu ya chupa kwenye wodi isiyo na mashine ya kupumulia wala ya kuhesabu dripu, naye atapoteza maji na chumvi bila mtu kuona, au atajazwa maji asiyoweza kuyatoa. Nasema wazi: kwa hali ya wodi zetu nyingi, kumpoza mtoto aliyechoka kusifanywe nje ya utafiti unaosimamiwa.

Baridi isiyokusudiwa ndiyo inayotuzunguka kila siku. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto mchanga chini ya nyuzi 36.5 amekwisha kupoa, na chini ya 32 ni hatari kubwa. Nchi za joto hazijasalimika. Mtoto aliyelowa chini ya feni, Dar es Salaam au Mombasa, hupoa vilevile. Dawa iliyo bora zaidi haihitaji umeme. Ni kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, huduma ya mama kangaruu iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, likachapishwa mwaka 2021, lilianza huduma hiyo mara baada ya kuzaliwa bila kungoja mtoto mdogo atulie kwanza, na vifo vya siku 28 za mwanzo vikapungua kwa robo. Kuchelewesha kumwogesha hadi saa 24 zipite ni sehemu ya hifadhi hiyo hiyo, na bibi wa nyumbani anayesisitiza kumwogesha jioni ile ile aelezwe kwa heshima, kwa maneno anayoyaelewa.

Kuna watoto wengine ambao siwezi kumaliza bila kuwataja: wenye utapiamlo mkali. Pampu zao za sodiamu zimelegea kwa njaa kabla baridi haijaja, na ndani ya seli zao sodiamu imezidi. Usiku wa manane joto lao hushuka pamoja na sukari. Ndiyo maana mwongozo wa matibabu yao unaweka sukari na joto mwanzoni kabisa, na maji yao ya kunywa yana sodiamu kidogo kuliko ORS ya kawaida. Muuguzi anayemfunika mtoto huyo kofia na kumlisha kila baada ya saa mbili, usiku kucha, anazitunza pampu za seli zake kwa namna ambayo hakuna dawa ya sindano inayoweza kuichukua nafasi yake.

Yote haya yanategemea mtu kujua kwamba mwili umepoa, na hapo tuna upungufu unaoweza kurekebishwa kwa fedha kidogo. Vipimajoto vingi vya kawaida vilitengenezwa kutafuta homa, na vile vya zebaki vilivyojaa kwenye droo zetu huanza kusoma kwenye nyuzi 35. Mtoto mwenye nyuzi 31 na mwenye nyuzi 34 wote huonekana sawa. Nawaomba waganga wakuu wa wilaya na wakuu wa wodi za watoto waliomo humu ukumbini: katika manunuzi ya robo mwaka inayofuata, agizeni vipimajoto vinavyosoma hadi chini ya nyuzi 32, kimoja kwa kila wodi ya wazazi, kimoja kwa kila wodi ya utapiamlo, na kimoja kwa kila timu ya uokoaji mlimani.